Sikio la Maksai wa Kesi

Maksai wa kesi alikufa Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1974, ikiwa imebaki miezi mitatu tu kesi nayo ife. Ndivyo Magige alivyohesabu. Alikuwa amemtunza miaka mitatu kasoro. Alimnywesha kabla ya ng'ombe wengine, alimpeleka josho kila wiki, na hakumfunga nira hata siku moja. Sasa alikuwa amelala kando ya zizi, ulimi nje, tezi za shingo zimevimba. Ndigana, homa ya kupe, ilikuwa imemaliza kazi yake.

"Miezi mitatu tu," Magige aliuambia mzoga. "Ungenivumilia, bwana."

Mkewe, Mbuke, akatoka jikoni na kisu na beseni.

"Unafanya nini, Mama Robi?"

"Nachuna. Ama tumshonee sanda?"

"Huyu si wa kula. Huyu ni kielelezo."

"Kielelezo kina mafuta," Mbuke akasema, akibonyeza nundu kwa kidole. "Si umekilisha mwenyewe? Mimi nimechoka kumwamkia huyu ng'ombe kama mjumbe wa serikali."

Magige hakukubali mpaka balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuona mzoga kwa macho yake. Balozi alitazama, akasema amekufa, akaomba paja. Ndipo Magige akachukua kisu. Alilikata sikio la kushoto pamoja na kipande cha ngozi ya kichwa ukubwa wa kiganja, akalipaka chumvi na majivu, akalitundika juu ya jiko likauke kwa moshi. Nyama walikula watu. Sikio likabaki, kwa sababu kesi yenyewe ilikuwa ni sikio.

Mambo yalianza hivi. Mwaka 1970 Magige alimnunua maksai huyo kwenye mnada wa Bunda, kwa ajili ya kulimia pamba. Stakabadhi aliyopewa iliandikwa "maksai mwekundu mmoja", na maksai wekundu katika Mara hawana idadi. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo upande wa chini. Magige hakulijali pengo hilo. Alitazama miguu na kifua, kama mtu yeyote anayetafuta mnyama wa kuvuta plau.

Msimu haujaisha, akapita mtu mmoja aitwaye Ngolo, mwenyeji wa Buswahili, kule karibu na Mto Mara. Alikuwa amekuja kumsalimia dada yake aliyeolewa kijiji cha jirani. Alipomwona maksai shambani alisimama njiani, akakaza macho, akapiga kelele kwamba huyo ni ng'ombe wake aliyeibiwa, na alama ya ukoo wao ile pale sikioni. Watu wa kwao huwakata ndama wao pengo chini ya sikio la kushoto. Magige akamwambia aende zake. Ngolo akaenda kweli, ila alikwenda polisi.

Magige alikaa mahabusu siku kumi na moja. Alipopata dhamana, kesi ikapangwa Musoma, na maksai naye alitakiwa afike. Kwa hiyo kila ilipotajwa tarehe, Magige alitembea siku mbili na mshitakiwa mwenzake, akamfunga kwenye mti nje ya mahakama, akaingia ndani. Siku ya kwanza hakimu alikuwa safarini. Siku ya pili mwendesha mashtaka alikuwa anaumwa. Siku hizo mbili Ngolo alikuwepo, amekaa upande wa pili wa ukumbi, anatazama ukuta. Siku ya tatu hakuonekana, na ya nne hakuonekana. Siku zote hizo hakuna mtu aliyetoka nje kulitazama lile sikio.

Tarehe kumi na nne Juni, 1971, mwendesha mashtaka akasimama akasema hana shahidi, anaomba kuliondoa shauri. Hakimu akaandika, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Shauri limeondolewa. Mshitakiwa, umeachiwa. Lakini fahamu kwamba hii haiizuii Jamhuri kukushitaki tena kwa kosa hilohilo. Na usiende kumsumbua mlalamikaji."

"Mheshimiwa, na ng'ombe?"

Hakimu alikuwa ameshafungua jalada jingine. Askari akamshika Magige mkono, akamtoa nje, akamwonyesha maksai. "Rudi naye. Mtunze vizuri. Siku akitakiwa, umlete."

Magige alitaka kuuliza, akitakiwa mpaka lini? Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa, na maksai alikuwa ana kiu.

Alirudi nyumbani akiwa si mfungwa wala si mtu huru. Kila gari la serikali lililopita barabarani lilimfanya aache jembe asimame. Maksai hakumlimisha, maana angevunjika mguu angesema nini? Hakumuuza, hakumchinja. Alilima kwa jembe la mkono, na shamba la pamba likapungua mwaka hadi mwaka.

Halafu jambo likamfika binti yake. Robi alikuwa amechumbiwa na kijana wa mzee Burito, jirani wa ng'ambo ya kijito. Mahari yalikubaliwa, siku ya kuswaga ng'ombe ikapangwa. Burito akaja peke yake, akakaa, akapokea kibuyu cha pombe ya mtama, akakirudisha bila kunywa.

"Mkwe," akasema, "mimi simwiti mtu mwizi. Lakini ng'ombe wangu siwaingizi kwenye zizi lenye kesi. Polisi wakija kukuchukua kesho, watahesabu kila mkia watakaoukuta humu. Nitawaambiaje kwamba huyu ni wa mahari na yule ni wa kesi?"

"Kesi imeondolewa, Burito."

"Imeondolewa imepelekwa wapi?"

Magige akakichukua kibuyu, akakiweka kando.

"Siku ikifa, niambie," Burito akasema. "Ama siku huyo anayekulalamikia akija mwenyewe kukaa hapa nilipokaa mimi, akanywa pombe yako. Siku hiyo nitaswaga."

Lakini hakimu alikuwa amesema wazi: usiende kumsumbua mlalamikaji. Basi ikabaki njia moja, ya kungoja ife.

Na Magige aliamini kwamba ingekufa. Mwezi wa tisa wa mwaka uleule kesi ilipoondolewa, mvua ilimkuta Bunda, akajibanza ndani ya mahakama ya mwanzo. Ndugu wawili walikuwa wanadaiana ng'ombe. Hakimu wa pale akamwambia mdai, "Dai lako limechelewa. Miaka mitatu imepita. Mahakama haiwezi kulipokea." Mdai akatoka analia. Magige alitoka anacheka, akatembea na mvua ile mpaka kwake, akachukua panga na kukata alama ya kwanza ya hesabu kwenye mwimo wa mlango. Ng'ombe ni ng'ombe, mahakama ni mahakama. Miaka mitatu. Akamwambia Burito, Burito akakubali kungoja. Robi hakuulizwa.

Robi alingoja. Wenzake waliolewa, wakarudi kusalimia wakiwa na watoto mgongoni. Siku moja, wakiwa wanang'oa masalia ya pamba, alimuuliza baba yake, "Baba, nimeiba mimi?" Magige aliendelea kung'oa. Usiku ule hakula, na kesho yake hakueleza kwa nini.

Mwaka 1974 ukafika, na habari za kuhamia vijijini. Wengine walipangiwa huku, wengine kule. Familia ya Burito iliangukia upande mwingine kabisa, mbali na walikopangiwa akina Magige. Burito akaja tena.

"Mkwe, mwezi wa sita ukiisha sisi tunabebwa. Kijana wangu amekwisha ota ndevu akingoja. Kama mpaka hapo bado, nitamwolea hukohuko."

"Tarehe kumi na nne," Magige akasema. "Siku hiyo nitakuwa Musoma. Nitakuletea karatasi."

*

Alipanda basi Bunda asubuhi, sikio likiwa ndani ya kipande cha gunia, kapuni. Tarehe ilikuwa kumi na nne, Ijumaa. Basi lilijaa, na kadiri jua lilivyopanda, kapu lilizidi kutoa harufu. Mwanamke aliyekaa karibu naye, mwenye furushi la furu wakavu, alinusa furushi lake mara tatu kabla ya kumgeukia.

"Mzee, hao ni samaki gani? Mbona wananishinda mimi?"

"Ni ng'ombe."

"Ng'ombe gani anaenea humo?"

"Amebaki sikio," Magige akasema. Mama yule akasogea.

Karani wa masijala ya mahakama ya Musoma aliitwa Pastory. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, amezungukwa na majalada mpaka kiunoni. Magige alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Nimekuja kuchukua karatasi ya kesi yangu iliyokufa."

"Kesi gani, ndugu?"

"Ya wizi wa ng'ombe. Iliondolewa tarehe kama ya leo, mwaka sabini na moja. Leo imetimiza miaka mitatu."

Pastory aliweka kalamu chini. "Miaka mitatu ya nini?"

Magige akaeleza habari ya Bunda, mvua, na wale ndugu wawili. Pastory alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na hilo lilimtisha Magige kuliko kicheko.

"Ndugu yangu," karani akasema, "wale walikuwa wanadaiana. Madai yana muda wake. Wewe hukudaiwa. Wewe ulishitakiwa. Wizi hauna miaka. Mlalamikaji akitokea kesho, unashitakiwa. Akitokea wewe una mvi mpaka kwenye kope, unashitakiwa."

"Hata miaka kumi?"

"Hata ishirini. Wakimpata shahidi na wakitaka."

Magige alitafuta pa kukaa, hapakuwepo, akachuchumaa palepale kati ya majalada. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauondoi. Miaka mitatu alikuwa anasukuma mzigo kuelekea mlima fulani, na sasa anaambiwa mlima haupo, ni kusukuma tu.

"Na maksai amekufa," akasema. "Nimeleta sikio." Akafungua gunia.

"Funga! Funga hicho kitu!" Pastory akaruka nyuma, rundo la majalada likamwangukia miguuni. "Mungu wangu! Unaingiza mzoga masijala?"

"Ni kielelezo. Nililitia chumvi."

Karani akafungua dirisha, akasimama hapo akivuta hewa ya ziwani. Aliporudi mezani sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikiliza, mzee. Karatasi unayotaka haipo. Nikilitafuta jalada lako, lazima nimpelekee mwendesha mashtaka. Aliyepo sasa ni mgeni, ana bidii. Unataka nimwamshie kesi?"

"Kitu gani kinaua kesi ya namna hii?"

"Kusikilizwa. Ukisikilizwa ukaonekana huna hatia, imekwisha, hawawezi kurudia. Yako haikusikilizwa. Ilifunikwa tu."

Magige alifikiri. Halafu akasimama.

"Basi nishitakini tena."

"Unasema?"

"Nishitakini. Leo. Niko hapa, na sikio liko hapa. Lisikilizwe, liishe. Nina binti nyumbani anaozea kwangu."

Pastory alivua miwani akajifuta macho. "Miaka kumi na mbili niko hapa. Watu wanakuja kuomba wasishitakiwe. Wewe wa kwanza." Akatikisa kichwa. "Bila mlalamikaji hakuna wa kukushitaki. Yuko wapi?"

"Buswahili. Lakini nilikatazwa kumsogelea."

"Ulikatazwa kesi ikiwa kwa hakimu. Sasa hakuna kesi mbele ya mtu yeyote. Ni mtu kumtembelea mtu." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Tena nenda kwa adabu. Ukifoka, utampa shauri jipya."

Miaka mitatu. Magige alitoka akiwa anakisia mara ngapi angeweza kwenda Buswahili na kurudi katika miaka mitatu.

*

Lori la mawe lilimfikisha njia panda ya Butiama. Akalala kwa jamaa wa mkewe, asubuhi akashika njia kwa miguu. Alipofika Buswahili jua lilikuwa limeanza kuinama. Walimwelekeza nyumba ya Ngolo, na kwa mbali akamwona mtu amekaa anasuka kamba ya katani. Yule mtu akainua kichwa, akamtazama, akatupa kamba, akakimbilia kwenye mihogo.

Magige akasimama uani. Mke wa Ngolo, Getruda, akatoka na mwiko mkononi.

"Hayupo," akasema.

"Nimemwona anaingia kwenye mihogo."

"Huyo si yeye."

"Shemeji, mimi sina askari. Niko peke yangu. Mwambie ni Magige wa Bunda, yule wa ng'ombe. Nimekuja kumwomba anishitaki."

Mwiko ukashuka. Getruda akaigeukia mihogo, akaita kwa sauti kubwa, "Toka huko, baba! Si samansi! Ni yule mwizi wako!"

Ngolo akatoka polepole, majani yamemshika kichwani. Alikuwa amezeeka kuliko Magige alivyomkumbuka. Hawakupeana mikono. Walikaa kwenye vigoda viwili, mmoja anatazama kaskazini, mwingine kusini.

"Mbona ulikimbia?" Magige akauliza.

"Nilifikiri wamekutuma unionyeshe kwa polisi."

"Mimi? Ndiye niliyeshitakiwa!"

"Ndiyo, lakini mimi sikwenda." Ngolo aliitazama mikono yake. "Safari ya tatu Mto Mara ulikuwa umejaa, sikuweza kuvuka kurudi kutoka kwa mjomba wangu. Nilipofika, siku imepita. Watu wakaniambia mlalamikaji asiyefika anafungwa yeye. Basi nikakaa. Tangu hapo gari la serikali likipita huko barabarani, mimi nalalaga kwenye mihogo."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu. Mihogo yangu yote naijua kwa majina."

Getruda alicheka kwa ndani, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria. Magige hakucheka. Akilini alimwona mtu huyu kitandani mwa majani akisikiliza gari lilelile ambalo huko Bunda lilimsimamisha yeye na jembe.

"Maksai amekufa," akasema. "Nimekuletea sikio lako."

Aliliweka chini katikati yao. Lilikuwa limekakamaa kama kiatu cha zamani. Ngolo alilichukua, akalipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa lile pengo. Akapitisha tena. Kisha akaondoka, akaenda zizini, akarudi anamvuta mtamba kwa kamba. Akashika sikio la mtamba mkono mmoja, sikio kavu mkono mwingine.

Pengo la mtamba lilikuwa laini, limekatwa kwa kisu mnyama akiwa ndama, likapona pamoja na kukua. Pengo la maksai lilikuwa na mikunjo na makovu, limechanika kwenda juu. Hilo lilikuwa jino la fisi, au waya wa miiba.

"Sisi hatukati hivi," Ngolo akasema.

Mtamba akakojoa.

"Njiani pale nililiona kwa mbali," Ngolo akaendelea. "Nilikuwa na hasira. Na kule Musoma sikuruhusiwa kumsogelea maksai. Walisema kielelezo hakiguswi mpaka kiitwe."

"Na hakikuitwa."

"Hakikuitwa."

Magige alingoja aione hasira yake ikipanda. Alikuwa ameiweka akiba muda mrefu, maneno yote ameyapanga. Alipoyatafuta, aliyakuta yamechakaa. Alichotaka ni kunywa maji na kurudi kwake.

"Twende Musoma ukaseme hayo," akasema.

"Musoma siendi. Watanishika kwa kusingizia. Nidai ng'ombe, nitakupa. Musoma, hapana."

"Sitaki ng'ombe wako. Basi twende kwangu, ukanywe pombe." Akalichukua sikio, akalifunga tena ndani ya gunia.

*

Ngolo alifika kwa Magige siku ya nne baadaye, amevaa koti la kuazima. Mbuke alimkaribisha kwa kibuyu, akamwambia, "Kunywa, shemeji, haina sumu. Sumu nilikuwa nimekuwekea mwaka sabini na mbili, imeharibika." Ngolo akanywa. Burito alikuwepo, na vijana wake na ng'ombe wa mahari nje ya zizi. Alimtazama mgeni mpaka kibuyu kikaisha, halafu akamuuliza.

"Huyu ni mwizi wako?"

"Nilikosea sikio," Ngolo akasema.

"Serikali imesemaje?"

"Serikali haijasema kitu," Magige akajibu. Hakutaka kuficha. "Kesi haijafa, Burito. Karani anasema haifi. Wanaweza kunifuata hata kesho."

Robi alikuwa amesimama mlangoni, kando ya ule mwimo wenye alama za panga. Burito alimwona. Akakuna shavu.

"Wakikufuata kesho, huyu mgeni wako atafanya nini?"

Ngolo hakungoja Magige ajibu. Alisimama, akamnyang'anya kijana mmoja fimbo, akaenda nyuma ya jike jeupe lililotangulia, akalichapa matakoni. Jike likaingia zizini. Akachapa la pili. "Nitawaambia hawa niliwaswaga mimi," akasema, jasho linamtoka ndani ya koti la watu. "Mimi mwenyewe mlalamikaji." Burito akawaachia vijana wake wamalizie.

Robi aliondoka wiki ileile. Hakulia kama mabibi harusi wanavyotakiwa kulia, na wanawake walimsema.

Mwisho wa mwezi lori likaja kuwahamisha akina Magige. Mgambo alisimama juu akipokea vitu: mitungi, milango, plau, kuku waliofungwa miguu. Mbuke akashusha kile kipande cha gunia kutoka juu ya jiko.

"Hiki tutupe?"

"Lete."

"Baba Robi, mtoto ameshaolewa."

"Lete, nimesema."

Magige akampa mgambo kwa mkono wake. Mgambo akanusa, akakunja uso.

"Mzee, humu kuna nini?"

"Kesi yangu," Magige akasema, akapanda kwenye lori akakaa. "Iweke mahali pakavu."